Macho mekundu ya bibi na wekundu wa nyota kongwe

Hebu tujiulize swali moja ambalo kwa juu juu linaonekana la kitoto. Je, rangi ni shahidi? Kitu kikiwa chekundu, wekundu ule peke yake unatosha kutuambia kilichomo ndani yake?

Swali hili lilinijia Tabora, mwezi wa Julai, nikiwa nyumbani kwa ndugu zangu mtaa wa Isevya. Ilikuwa baada ya sala ya isha, umeme umekatika, sote tumetoka kukaa barazani. Kiangazi cha Unyamwezi kila mtu anakijua: mbingu haina hata wingu. Alikuwapo bibi mmoja wa ukoo wetu, ameletwa mjini kutoka kijijini upande wa Nzega, umri wake umepita miaka sabini, na macho yake ni mekundu kama makaa chini ya majivu. Watoto wa jirani walikuja hadi kwenye ngazi, walipomwona wakarudi mbio. Mmoja aliamrishwa na mama yake asalimie. Akasema shikamoo huku mgongo umeshageuka. Bibi akaitika marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyezoea. Kisha akanyoosha kidole juu, upande wa kusini, akaniuliza: "Mjukuu wangu, na ile nyota nyekundu nayo wanaikimbia?"

Nyota aliyoionyesha ni Qalbul Aqrab, yaani moyo wa nge. Wazungu wanaiita Antares. Nikamwambia kuwa ile imekuwa nyekundu kwa sababu imekaribia mwisho wa umri wake. Akacheka. "Kumbe tuko wawili."

Sikulala mapema usiku ule. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia, kwa kadiri ya uwezo wa mtu asiye mtaalamu, kazi ya wanajimu wanaochunguza nyota nyekundu zilizozeeka. Ninaposema wanajimu simaanishi wapiga ramli. Namaanisha wataalamu wa elimu ya falaki. Nilikuwa nikisoma habari zile kama mtu anayejiburudisha, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba zinamhusu bibi wa Nzega.

Tuanze na Kilimia. Wakulima wetu wanaijua na wanapanga mashamba kwayo, na Waarabu wanaiita Thurayya. Lile ni fungu la nyota changa. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka milioni 100, ambao kwa nyota ni utoto, na nyota zake zinazong'aa zaidi zina rangi ya buluu. Sisi tumezoea kwamba chekundu ndicho chenye moto mkali na cha buluu ni cha baridi. Kwenye nyota ni kinyume chake, na mhunzi hatashangaa, maana anajua chuma kikiwa chekundu bado hakijafika kule kinakofika kikiwa cheupe.

Lakini yako mafungu ya namna nyingine kabisa, yenye umbo la mviringo kama mpira, ambamo nyota laki kadhaa au hata mamilioni zimesongamana. Hayo ndiyo makongwe. Umri wake unafika kama miaka bilioni 12, kiasi kwamba jua letu, lenye miaka bilioni 4.6, mbele yao ni kijana. Na sisi tulioko huku kusini tumebahatika. Tabora iko kama nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta, na kutoka pale mafungu mawili makubwa ya aina hii yanaonekana bila darubini, mradi uende nje ya taa za mji. La kwanza ni Omega Centauri, ambalo Julai baada ya isha unaliona upande wa kusini magharibi kama nyota hafifu yenye ukungu. Liko umbali wa miaka ya nuru kama 17,000 na lina nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10. La pili ni 47 Tucanae, la umbali wa miaka ya nuru kama 15,000. Hilo mwezi huo huo unalipata kusini, chini kidogo, katika saa ya mwisho kabla ya alfajiri, wakati Kilimia nayo imeshapanda upande wa mashariki. Mwingereza Edmond Halley aliichunguza Omega Centauri mwaka 1677 kutoka kisiwa cha St Helena. Mfaransa Lacaille aliipata 47 Tucanae mwaka 1751 akiwa Rasi ya Tumaini Jema.

Hao ndio wameandikwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kutoka Bagamoyo hadi Kwihara, na kutoka Kwihara hadi Ujiji, wakiamshwa kabla ya jua kuchomoza ili wawahi ubaridi wa asubuhi, walikuwa na mbingu hiyo hiyo juu ya mizigo yao, miaka nenda miaka rudi. Walioandikwa katika safari zile ni akina Speke, aliyekuwa akipima nyota kwa vyombo vyake ili ajue Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, iko nyuzi ngapi. Huyu Speke tutamrudia.

Sasa, ni nini kinachozifanya nyota hizi kongwe ziwe nyekundu? Nyota inaishi kwa kuunguza hidrojeni iliyo katikati yake na kuigeuza kuwa heli. Ikimaliza akiba hiyo, kiini chake kinajikunja na sehemu yake ya nje inatanuka mno. Ikitanuka, uso wake unapoa. Jua letu lina joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi usoni. Nyota kongwe ya namna hii inaweza kushuka hadi 3,000, na ndiyo maana inaonekana nyekundu. Lakini kupoa kwa uso si kuishiwa nguvu. Kwa kuwa imekuwa kubwa sana, nyota hii inatoa nuru na joto mara maelfu kuliko jua. Tunaiona imechakaa katika wakati ambao inatoa kuliko ilivyowahi kutoa ujana wake wote.

Tena inapwita. Inatanuka na kujikunja kama kifua cha mtu anayehema, na pumzi moja huchukua miezi. Ndani ya 47 Tucanae ziko tatu zinazojulikana sana kwa wataalamu, na pumzi zake ni kati ya siku 190 hivi na 221. Mfano mashuhuri zaidi hauko ndani ya fungu lolote. Unaitwa Mira, nyota iliyogunduliwa kuwa inabadilika na David Fabricius mwaka 1596. Kwa siku kama 332 inapanda hadi ionekane vizuri kwa macho, kisha inafifia hadi inapotea kabisa machoni pa mtu asiye na darubini. Ukiitazama kwa macho utaapa kwamba imekufa. Tofauti ya nuru yake kati ya kilele na shimo inaweza kuzidi mara elfu.

Hapa ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Mwaka 1800 William Herschel, akiwa Uingereza, alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembetatu, ukatawanyika rangi kama upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika kila rangi. Kisha akakiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu chochote, na joto likapanda kuliko sehemu zote. Kulikuwa na mwanga pale ambao jicho la binadamu halikupewa uwezo wa kuuona. Ndio huo unaoitwa infraredi. Mkono wako unaujua: ni ule unaousikia ukiusogeza karibu na jiko la mkaa kabla mkaa haujawa mwekundu.

Basi wataalamu walipoanza kuzitazama nyota kama Mira kwa vyombo vya infraredi, hadithi ikawa nyingine. Ile nyota ambayo kwa macho imeporomoka mara mia kadhaa au elfu, kwa infraredi imepungua mara mbili hivi tu. Haijafa. Kilichotokea ni kwamba inapopoa kidogo, angani mwake hujitunga oksidi ya titani na mata nyingine zinazouzuia mwanga unaoonekana, na joto lake linahamia kule ambako jicho letu halifiki. Imejifunika kama mtu aliyejifunika kanga asubuhi ya baridi. Anayeitazama kwa jicho tupu anahukumu kanga, akidhani anamhukumu aliyejifunika.

Kazi hii imefanywa kwa muda mrefu Afrika hii hii, katika darubini za Sutherland, Afrika Kusini. Wataalamu kama Michael Feast na Patricia Whitelock walitumia miaka mingi wakipima nyota nyekundu zinazopwita kwa infraredi, zikiwamo za mafungu ya mviringo. Waligeukia infraredi kwa sababu huko ndiko nyota hizo zinaposema ukweli kwa utulivu zaidi. Ukijua urefu wa pumzi yake na ukapima nuru yake ya infraredi, unaweza kukisia umbali wake. Ukitegemea mwanga wa macho peke yake utapotea, maana huo unapanda na kushuka kama bei ya mchele mwezi wa Ramadhani.

Kisha kuna vumbi. Nyota kongwe inajimwaga. Inapohema, inasukuma nje tabaka zake, na mbali kidogo na uso wake mata hizo zinapoa na kuwa punje ndogo sana za vumbi. Nyota ya mafungu haya inayofika uzee leo ilianza na uzito usiofika hata ule wa jua, kama sehemu nane au tisa za kumi. Mwisho wake inabaki kiini kidogo cheupe, chenye uzito wa nusu ya jua au zaidi kidogo. Vilivyobaki vyote imevitoa. Vumbi hilo linazuia mwanga wa macho, lakini linang'aa kwa infraredi kwa sababu lina joto. Kwa hiyo mtu akitaka kujua nyota mzee ametoa nini, na kwa kiasi gani, hana njia isipokuwa kutazama kwa infraredi.

Marekani walirusha darubini ya angani iitwayo Spitzer, Agosti 2003, ikafanya kazi hadi Januari 2020. Kioo chake kilikuwa cha sentimita 85, si kikubwa, lakini iliona infraredi vizuri. Mwaka 2007 kundi la wataalamu wakiongozwa na Livia Origlia wa Italia walichapisha matokeo kuhusu 47 Tucanae. Walisema wameona wekundu wa ziada, yaani dalili ya vumbi, kwenye nyota nyingi, hata zile ambazo hazijafika kilele cha uzee. Lilikuwa jambo kubwa, kwani lilibadilisha hesabu ya nyota inaanza lini kujimwaga.

Mwaka 2010 kundi jingine, likiongozwa na Martha Boyer, likairudia 47 Tucanae na kusema: subirini. Katikati ya fungu lile nyota zimesongamana mno. Darubini yenye kioo kidogo haiwezi kuzitenganisha zote. Baadhi ya nyota mlizoziandikia wekundu wa ziada hazina wekundu wowote wa kwao. Nuru ya jirani imemwagikia juu yake, nanyi mmeihesabu kuwa ni yake. Vumbi lipo, lakini liko kwenye zile chache zilizofika ukingoni kabisa, si kwa hizi nyingine. Kundi la kwanza likajitetea mwaka huo huo. Mwaka 2011 Iain McDonald na wenzake wakachunguza tena, na matokeo yao yakaelemea upande wa Boyer.

Nimeurudia mzozo huu mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza sababu. Fikiri uko juu ya kilima usiku, unautazama kwa mbali msafara wa zamani uliopiga kambi. Mioto mia imewashwa. Kwa umbali ule mioto mitatu inakuwa mmoja. Unasema: yule pale kawasha moto mkubwa kuliko wenzake, kwa nini? Ana nini cha kuficha? Kumbe mtu yule hakuwasha hata kijinga kimoja. Ameketi tu kati ya wawili waliowasha. Anayesema hivyo hasemi uongo, maana mwanga ameuona kweli. Amekosea kuuandika kwa jina lisilo lake.

Nami nasema, hivi ndivyo tuhuma nyingi zinavyozaliwa katika vijiji vyetu na katika mitaa yetu. Mtoto kafa, na hilo ni kweli. Ng'ombe wamekufa, ni kweli. Mvua imekosekana, ni kweli. Msiba upo na unawaka. Kisha nuru ya msiba ule inamwagikia mtu aliyeketi karibu, naye kwa bahati mbaya ni mzee, ni mjane, ni mwanamke, na macho yake ni mekundu.

Sitaki nizunguke. Mikoa yetu ya magharibi na ya ziwa, Tabora, Shinyanga, Mwanza na mingine, kwa miongo mingi imeua vikongwe kwa sababu hii. Waingereza walitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, watu wakaendelea kufa. Julai 2017, wilayani Nzega, mkoa huu huu wa Tabora, wanawake watano waliuawa na miili yao ikachomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Na macho mekundu yametajwa tena na tena kama "ushahidi" katika mauaji ya namna hii.

Macho hayo yanatoka wapi? Muulize daktari yeyote wa macho. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga tangu akiwa binti, ndani ya jiko lisilo na dirisha, akipuliza kuni mbichi au, pale miti ilipokwisha, mavi makavu ya ng'ombe, atakuwa na macho gani akifika sabini? Ongeza vumbi la kiangazi. Ongeza trakoma, ugonjwa wa vikope ambao kope zinageuka na kukwangua jicho kila mtu anapopepesa. Wekundu ule ni hesabu ya vyungu alivyopika. Kila aliyekula nyumbani mwake ana sehemu yake katika macho yale, hata aliyeshika panga.

Na hapa namrudia Kapteni Speke. Alipofika Ziwa Tanganyika, Februari 1858, baada ya kupita njia yetu hii, macho yake yalikuwa na maradhi kiasi kwamba ziwa lenyewe hakuliona sawasawa. Vitabu vimemwandika kuwa msafiri aliyeugua njiani. Jicho ni jicho, na maradhi ni maradhi, lakini mmoja ameingia katika historia kama mgonjwa na mwingine kama mchawi.

Najua atainuka mtu aniambie: ndugu mwandishi, wewe Muislamu unakanusha kuwapo kwa sihri? Sikanushi. Lakini hoja hiyo haigusi tunachokizungumza. Wizi upo, tena sote tumewahi kuibiwa, na kuwapo kwa wizi hakumfanyi jirani yako kuwa mwizi. Anayethibitisha kwamba kosa fulani linawezekana hajathibitisha kwamba huyu amelitenda. Dini yetu katika Suratun Nur imetaka mashahidi wanne kwa anayemsingizia mwanamke mtwaharifu uzinzi, na asiyewaleta anapigwa viboko themanini yeye msemaji. Wanne! Kwa tuhuma ya kuua, ambayo itamgharimu bibi roho yake, sisi tunatosheka na rangi ya jicho? Na aliyeitamka kwanza hata haulizwi jina.

Tusijifariji kuwa haya ni mambo ya shamba. Sisi wa mjini hatushiki mapanga, tunashika maneno. Katika kikao cha ukoo pale Isevya, siku ya pili yake, ndipo nilipojua kwa nini bibi aliletwa mjini. Mtoto wa jirani alifariki, watu wakaanza kunong'ona, kijana mmoja akamtembelea usiku kumwambia ahame. Mjomba wangu mmoja, mtu aliyesoma, mwenye kazi nzuri, anayesali swala tano, alivuta kiti akasema kwa upole: "Mimi simtuhumu bibi. Ila wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja." Wenzake wakanyamaza. Hakuna aliyepinga methali, kwa sababu methali ni ya wazee na inaheshimiwa.

Nilipinga, na ninaipinga hapa tena. Lisemwalo lipo, lakini liko kinywani. Watu wa 47 Tucanae walikuwa na picha mikononi, walikuwa na namba, walikuwa na darubini ya angani, na bado walikubali kuulizwa: una hakika kuwa nuru hii ni ya huyu? Hawakuulizwa na maadui zao. Waliulizwa na wenzao wa fani moja, mbele ya watu wote, kuhusu nyota ambazo haziwezi kuumia wala kufa kwa kosa lao. Kikao chetu hakikuwa na picha wala namba, na aliyezungumziwa alikuwa chumba cha pili akichambua mchele.

Liko jambo jingine ambalo limenisumbua zaidi, na sina uhakika kama nimelimaliza. Mashirika yanayotetea wazee, likiwamo HelpAge International, yalihimiza katika Usukuma ujenzi wa majiko yanayopunguza moshi, ili macho ya akina bibi yasiwe mekundu. Kazi njema, Mungu awalipe. Moshi unaua mapafu pia, na kila jiko lililojengwa ni rehema. Lakini fikiri maana yake. Tumemwambia bibi: ondoa wekundu ili usiuawe. Tumelirekebisha jicho la mtazamwa, tumeliacha jicho la mtazamaji. Kesho wakikosa macho mekundu watatafuta mgongo uliopinda, au jino moja lililobaki, au shamba zuri ambalo mjane amekataa kuliuza, maana nyuma ya tuhuma nyingi hizi ukichimba unakuta urithi na mipaka ya mashamba. Wanajimu hawakuiomba Mira iache kufifia. Walibadili chombo chao.

Mtu anaweza kuniuliza, na ni haki yake, kama si dhihaka kumfananisha binadamu na nyota. Nyota haina heshima ya kuvunjiwa. Nakubali. Mfano wangu una mpaka, na mpaka wenyewe unatuzidishia lawama. Kwa nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 15,000 hatuna namna isipokuwa kusubiri mwanga utufikie. Haiwezi kuitwa ikaulizwa. Bibi ana ulimi. Yuko hatua kumi kutoka kwenye kikao. Ni katika jambo lililo rahisi zaidi kulihakikisha ndipo tulipokuwa wavivu zaidi wa kuhakikisha.

Hata jina la nyota linaweza kuharibiwa na uvivu huo. Iko nyota nyekundu nyingine inayobadilika, Wazungu wanaiita Betelgeuse. Asili yake kwa Kiarabu ni Yad al-Jauza, mkono wa Jauza. Mwandishi mmoja wa zama za kati alisoma yaa kuwa baa, nukta mbili akaziona moja, na kosa lile limekaa katika vitabu vya dunia hadi leo. Nyota hiyo hiyo ilipofifia ghafla mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, watu walitangaza kwamba inakufa, itapasuka wakati wowote. Utafiti uliochapishwa 2021 ukaonyesha kuwa ilikuwa imetema wingu la vumbi likapita mbele yake, na sehemu ya uso wake ilikuwa imepoa. Vumbi likapita, nyota ikarudi kama kawaida. Ilikuwa na bahati kwamba waliotangaza hawakuweza kuifikia.

Kikao kiliamua bibi abaki mjini kwa sasa. Hakuna aliyesema kuwa hana hatia. Walisema "usalama kwanza", maneno ambayo yanaweza kumlinda mtu na kumhukumu kwa pamoja. Mwenyewe anataka kurudi. Ana miembe yake kule, mmoja ameurithi kwa mama yake, na anasema embe za mjini hazina ladha.

Siku niliyoondoka niliamka saa kumi na moja kasorobo kuwahi basi. Nikamkuta ameshatoka uani na kopo lake la udhu, amesimama akitazama juu. Kilimia ilikuwa imepanda. Akanionyesha, akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa akiisubiri kabla ya kutayarisha shamba. Nikamgeuza kusini, nikamwelekeza juu ya paa la jirani, nikamwambia pale ndipo wanapokaa wale wazee wenzake niliomweleza, laki na laki, wamesongamana. Alikaza macho kwa muda mrefu. Akasema haoni kitu, ni ukungu tu.

Nikamwambia hata mimi, kwa macho haya meupe, naona ukungu tu.

Akainama, akaanza kunawa.